Mirija ya Benedeta

Benedeta wa Mwello alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiompenda walimwachia, nayo ni usafi. Ukinywa malwa kwake, unakunywa moyo umetulia. Chungu kimesuguliwa, viti vimepanguswa, birika linachemka kando, na mirija imelazwa ndani ya beseni chini ya kitambaa cheupe. Nawajua wapika malwa kuanzia Busia hadi Tororo mjini, na wengine siwataji kwa sababu bado tunasalimiana, lakini kwa Benedeta ningempeleka hata padri.

Mimi naitwa Maloba, Mkenya wa Busia, muuza viatu vya mitumba. Jumamosi nikishafunga kibanda navuka mpaka, nachukua boda hadi Mwello, narudi kabla giza halijaingia. Mke wangu husema nina mke wa pili Uganda na jina lake ni Chungu. Sijawahi kumbishia.

Kwa asiyejua, malwa ni pombe ya wimbi, yaani ulezi. Inamiminwa chunguni, inaongezwa maji ya moto, na watu wanakaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu wa kufika toka kitini. Mwisho wa mrija kuna kichujio kidogo cha kuzuia makapi. Maji yakipungua mama mwenye pombe anaongeza mengine, ya moto vilevile, na mazungumzo yanaendelea. Na kabla mgeni hajavuta, mwenye nyumba anavuta kwanza mbele ya macho ya wote, ili ijulikane hakuna sumu. Pale Mwello mwenye nyumba alikuwa Okochi, mume wa Benedeta, mtu mwenye kifua kipana na kicheko cha kuamsha kuku. Yeye ndiye aliyekuwa anatuonjea.

Zamani mirija ilitengenezwa kwa mmea mwembamba wenye uwazi ndani, unaotambaa vichakani kwenye majimaji. Benedeta alifundishwa na mama mkwe wake kuukata, kuukausha na kuusukia kichujio cha nyuzi za majani. Ni kazi ya kukaa chini siku nzima, na mrija wenyewe ukishika harufu hauiachi. Basi ikaja korona. Kila mtu akaanza kumwangalia mwenzake mdomo. Benedeta akaona wateja wanapungua, akavuka hadi Busia, akarudi na bomba jembamba la plastiki lililoviringishwa, lile linaloonyesha ndani. Alilikata vipande, akafumua gunia la sukari, lile la plastiki, akasuka vichujio kwa nyuzi zake. Kila mteja akafungiwa uzi wa rangi yake mrijani. Wangu ulikuwa wa kijani.

Tulifurahi sana. Kila asubuhi alikuwa anaichemsha mirija ile ndani ya sufuria hadi maji yanaruka, kisha anaianika juu ya mabati ipigwe na jua mchana kutwa. "Hata hospitali haina vyombo safi kama hii," Okochi alikuwa anajigamba, nasi tunaitikia. Mirija ikageuka ya njano. Midomo yake ikawa na mikwaruzo, maana mtu akipandisha hoja ya siasa huku ana mrija mdomoni lazima autafune. Ukipasuka, Benedeta anakata kipande kilichopasuka, na kinachobaki kinarudi kwenye sufuria. Hakuna aliyeona tatizo, na mimi mwenye macho mawili nilikuwa wa kwanza kutoliona.

Kisha Okochi akaanza kuumwa tumbo.

Mwanzo walisema taifodi. Akameza dawa za taifodi. Wakasema ni amiba, akameza za amiba. Damu ikaanza kumtoka akienda chooni, shati likaanza kumning'inia, na kile kicheko kikakatika. Mtu wa namna ile akikonda kijiji kizima kinakonda naye. Na watu hawawezi kukaa na ugonjwa usio na jina. Wakatafuta mtu.

Mtu mwenyewe alipatikana upesi. Okochi ana mdogo wake, Ochen, baba yao mmoja na mama yao mmoja, nyumba zao zilikuwa zinatazamana. Waliwahi kugombana juu ya mpaka wa shamba la mihogo, ugomvi wa kawaida kabisa wa ndugu. Sasa ikakumbukwa kwamba kwenye matanga fulani Ochen ndiye aliyempa kaka yake mrija mkononi. Alikuwa ameutoa wapi? Mbona aliufuta kwanza kwa kiganja? Mnajua namna maneno hayo yanavyoongezeka. Baada ya wiki chache kuna watu walioapa kwamba waliona unga kwenye kucha za Ochen.

Nami nilikuwa nimekaa pale. Sikusema Ochen ni mchawi, lakini kiti changu nilikisogeza.

Benedeta hakuyaamini hayo. Ochen alimpokea kama dada tangu alipoolewa, na watoto wa Ochen walikula kwake bila kualikwa, hasa yule binti mkubwa, Mildred, aliyekuwa anamwita mama mkubwa na kumsaidia kupepeta wimbi. Kwa hiyo alifanya jambo la busara: alimchukua mume wake akampeleka Busia, upande wa Kenya, kwenye zahanati moja ya daktari kijana anayeitwa Sydney. Sydney akawatuma kwenye hospitali kubwa, Okochi akapimwa kwa ile kamera ya kuingizwa tumboni, wakarudi na majibu. Haya yaliyofuata alitusimulia mwenyewe, baadaye, na alikuwa akisimulia bila kuinua kichwa.

Sydney aliwaketisha akawaeleza taratibu. Utumbo wa mzee umevimba na una vidonda. Si taifodi, na si sumu. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe iliyokasirika na kuushambulia utumbo kana kwamba ni adui. Dawa zipo. Kwa nini inatokea, madaktari hawajui vizuri; kuna mambo mengi yanayochangia.

Okochi alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Dokta, mwili yangu mimi mwenyewe inanigeuka namna gani? Kuna mtu ameigeuza." Akasimama, akaenda kupanga foleni ya dawa.

Benedeta akabaki kitini. Alitaka kujua ampikie nini, aache nini. Sydney akamwuliza kuhusu maji, kuhusu choo, kuhusu vyombo. Hapo Benedeta akaona ameguswa pabaya.

"Uchafu hapana, dokta," akasema. "Kwangu hakuna uchafu. Hata mirija ya malwa mimi nachemsha kila asubuhi."

"Mirija ya nini, mama?"

"Ya plastiki."

"Unachemsha ya plastiki?"

"Nachemsha sana. Na jua naweka."

Sydney akaweka kalamu mezani. Hakumkaripia, na Benedeta alisema afadhali angemkaripia. Alimwambia kwamba plastiki ikichemshwa, ikichomwa na jua, ikitafunwa, inamomonyoka vipande vidogo ambavyo jicho halivioni. Vinaingia mwilini kwa chakula, kwa maji, hata kwa hewa, kwa watu wote siku hizi, Mwello na Nairobi na Ulaya. Vingi vinatoka chooni. Vile vidogo kabisa vinaweza kupenya ukuta wa utumbo. Vimeshakutwa kwenye damu za watu, kwenye mapafu, hata kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua.

"Sasa mwilini kuna askari," Sydney akasema. "Ni zile chembe nyeupe za damu. Askari akikuta kijidudu, anakimeza na kukiyeyusha. Akimeza plastiki, haiyeyuki. Anahangaika nayo, anakufa, na akifa anaita wenzake. Wakikusanyika pale panavimba. Kwenye maabara wameliona hilo, na kwa panya pia."

"Na kwa watu?"

"Kwa watu bado wanachunguza. Wagonjwa kama mzee wamekutwa na plastiki nyingi zaidi chooni kuliko watu wasioumwa. Lakini pengine ni ugonjwa ndio unaofanya ikae tumboni. Hakuna aliyethibitisha kwamba ndiyo inayouleta."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo, mama."

"Lakini hujasema si mimi."

Sydney akaokota kalamu yake. "Hilo pia siwezi kulisema," akajibu. "Ila hiyo mirija acheni."

Benedeta akatoka nje akamkuta Okochi amekaa kwenye ngazi na mfuko wa dawa mapajani. Alitaka kumwambia palepale. Aliniapia hivyo na mimi namwamini. Okochi akamwangalia kwa macho yaliyoingia ndani na kumwambia, "Wewe ndiye pekee nilibaki naye mwenye hawezi kuniua." Neno likamrudi tumboni. Wakapanda boda, wakarudi nyumbani.

Ningeweza kumtetea hapa. Ningesema aliogopa kuachwa, aliogopa biashara kufa, aliogopa kijiji ambacho kilikuwa kimeshaonja utamu wa kumnyooshea mtu kidole. Yote ni kweli. Lakini yeye mwenyewe hakujitetea hivyo, basi na mimi nanyamaza.

Alichofanya ni hiki. Alimkataza Okochi malwa kabisa, akasema ni amri ya daktari, na akawa anampa uji kwenye kikombe cha udongo. Mirija yetu akaacha kuichemsha. Akaisuuza tu kwa maji ya baridi, na tukinung'unika anasema kuni ni shida. Kuitupa yote hakuthubutu, maana tungeuliza sababu. Kwa hiyo sisi tukaendelea kuvuta, na yeye akaendelea kutumiminia maji ya moto huku akitazama midomo yetu mmoja mmoja. Nilidhani ananikagua meno.

Ochen naye alikuwa ameshafukuzwa chunguni na kaka yake mwenyewe. Na hapa ndipo mateso ya Benedeta yanapoanzia hasa: Okochi akaanza kupona. Dawa zilifanya kazi, damu ikakoma, mashavu yakarudi kidogo. Kijiji kikapiga mahesabu yake. Ochen ameondolewa kwenye chungu, kaka yake amepona. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Ukoo ukaitisha kikao.

Kikao kilifanyika uani kwa Okochi. Mimi kama mgeni nilikaa pembeni kabisa, lakini nilikuwepo. Ochen alisimama katikati, mikono nyuma, akaulizwa alimpa kaka yake nini. Akasema hakumpa kitu. Akaulizwa tena. Koo likamkauka hadi sauti ikawa haitoki, na mzee mmoja akaagiza apewe maji. Benedeta ndiye aliyeyaleta. Ochen akapokea kikombe kwa mikono miwili, akamtazama na kumwambia, "Shemeji, wewe unanijua. Waambie."

Benedeta akasema, "Kunywa maji, Ochen."

Hayo tu. Akarudi jikoni. Wazee wakaamua kwamba Ochen na nyumba yake waondoke kwa amani, kabla vijana hawajawaondoa kwa njia nyingine. Akaenda Osukuru, chini ya vilima vya huko, akakodi kishamba na nyumba ya vyumba viwili, yeye na mke wake Resty na watoto. Nyumba yao ya Mwello ikaezuliwa mabati, na mvua ya kwanza ikaanza kuila kuta.

Tangu siku hiyo Benedeta akawa mtu wa kusahau chumvi. Anaenda kisimani na kurudi na mtungi mtupu. Kanisani alikuwa akikaa mbele, akahamia mlangoni, na wakati wa komunyo habanduki kwenye benchi. Tulidhani ni uchovu wa kuuguza. Okochi, maskini, akawa anamsifia kwa watu: huyu ndiye aliyeniokoa. Kila akisema hivyo Benedeta anatafuta kazi ya kufanya nje.

Kilichomvunja ni Mildred. Walikutana sokoni Busia, upande wa Uganda, Benedeta akinunua wimbi, msichana akiuza nyanya. Mildred akapiga magoti kusalimia, kama alivyofundishwa, lakini alipiga magoti mbali, mikono ameificha mgongoni. Benedeta akamnyooshea mkono. Msichana akarudi nyuma kwa magoti.

"Hapana, mama mkubwa," akasema. "Mama alisema tusiguse mtu wa Mwello. Mtu akiugua, ni sisi tutasemwa."

Benedeta aliliacha gunia la wimbi pale chini, akarudi Mwello bila wimbi.

Jumamosi ile tulipofika, hapakuwa na chungu. Viti vilikuwepo, beseni lilikuwepo, Okochi alikuwa amekaa mahali pake na kikombe chake cha uji. Benedeta akafunua beseni, akaimwaga mirija yote chini mbele yetu. Niliona uzi wangu wa kijani. Akatueleza kila kitu nilichowaeleza: kuchemsha, jua, vipande visivyoonekana, askari wanaomeza kisichoyeyuka. Alieleza vibaya, anarukia mbele, anarudi nyuma, lakini tulielewa. Jamaa mmoja akajishika tumbo palepale. Mwingine akataka kucheka, akaona hakuna mwenzake.

Okochi akauliza polepole, "Unataka kusema ni wewe?"

"Mimi sijui kama ni mimi," Benedeta akasema. "Dokta hata yeye hajui. Lakini mimi najua si Ochen. Hiyo najua. Dokta alisema hakuna sumu, na wewe ulisikia, ukakataa. Mimi nilisikia ya kwako na hii ya mirija, nikanyamaza."

Nilidhani atampiga. Sijawahi kumwona akimpiga, lakini uso wake ulikuwa hivyo. Akaweka kikombe chini. Akaokota mrija mmoja, akaukunja, nao ukavunjika kwa mlio mdogo, mkavu. Akatazama palipovunjika kwa muda mrefu.

"Mimi ndiye nilimfukuza," akasema. "Wewe ulinyamaza, lakini mdomo iliyosema ni yangu." Kisha akaniita. "Maloba, kesho hutauza viatu. Tunakwenda Osukuru. Nataka shahidi mwenye si wa ukoo."

Tulienda watu watatu kwenye boda mbili, Benedeta peke yake kwenye ile ya nyuma. Ochen tulimkuta anapalilia. Alipotuona akasimamisha jembe, akatungoja tufike, hakuja kutupokea. Resty alikuwa uani anamenya mihogo. Okochi alipiga magoti kwenye udongo mbele ya mdogo wake, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mtu mkubwa kama yeye, akaomba msamaha kwa maneno machache. Ochen akamshika bega, akamwinua. Akasema, "Ulikuwa mgonjwa, kaka." Wote wawili wakalia, na mimi nikatazama vilima.

Kisha Benedeta akasema yake. Akaanza na mirija, na Ochen akamsimamisha kwa mkono.

"Shemeji, hiyo wacha," akasema. "Mirija ulikuwa unatuchemshia juu ya kutupenda. Hata mimi nilikunywa nayo. Nani alikuwa anajua? Hiyo sina kesi na wewe."

Benedeta akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yakashuka. Nilidhani mambo yamekwisha.

"Nauliza kitu moja tu," Ochen akaendelea. "Dokta alikwambia lini?"

Resty akaacha kumenya. Okochi alikuwa anafuta uso, akaacha kufuta. Benedeta angeweza kudanganya. Alipoambiwa habari ya mirija Okochi alikuwa kwenye foleni ya dawa, na sisi wengine tulikuwa hatujawahi kumwuliza ilikuwa lini.

"Kabla ya kikao," akasema.

"Kabla ya kikao."

"Ndiyo."

"Siku uliniletea maji, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Ochen."

Ochen akaitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia akaielewa. Hakumtukana. Alimgeukia kaka yake, akamwuliza habari za mihogo ya Mwello, kama imeoza au kuna mtu aliivuna. Wakaanza kuongea juu ya kurudi, kama kuta bado zinafaa, kama mabati yatapatikana. Waliongea kama ndugu. Benedeta alibaki amesimama palepale aliposimama alipofika, mkoba kwapani.

Resty akaingia ndani. Akatoka na chai kwenye sinia, vikombe vitatu: kimoja akampa mume wake, kimoja akampa Okochi, kimoja akanipa mimi. Akarudi kwenye mihogo yake.

Nilikishika kile kikombe kikaniunguza vidole. Mtu wa watu, aliyetumiminia miaka yote ile, amesimama juani na hakuna aliyemwambia kaa. Nikainuka nimpelekee changu. Benedeta akakisukuma kwa ncha ya kidole kurudi upande wangu, bila kumwaga hata tone.

"Kunywa, Maloba," akasema. "Hiyo ni yako."